Sura ya Tisa: Jozi Moja kwa Kila Theluji

Kuna watu wakivunjwa moyo hulala. Wapo wanaokula, wapo wanaokata nywele. Liliane aliamua kununua skii.

Jumamosi ile watu wa Plano walikuwa wamevaa kaptula. Januari ya Texas ndivyo ilivyo, leo baridi ya kupasua midomo, kesho jua la kuanikia nguo. Liliane aliegesha Corolla yake mbele ya duka la vifaa vya kutelezea thelujini, akajitazama kwenye kioo, akayaona macho yalivyovimba, akayaambia kwa sauti, "Mmelia ya kutosha." Kisha akashuka na jaketi lake la kazini, lile la ghala la Garland lenye milia inayong'aa, akausukuma mlango kwa bega, ingawa mlango ulikuwa unajifungua wenyewe.

Binti huyu alikuwa na namna mbili za kupita mlangoni. Alizaliwa kambini, upande wa Kasulu, ambako kutoka getini kwenda sokoni kulitaka karatasi ya ruhusa, na utotoni alijifunza kupita ameinama. Namna ya pili alijifundisha mwenyewe alipofika Marekani, na tangu hapo ile ya kwanza hakuitumia tena. Kidevu juu, macho mbele. Anayetaka karatasi aje aulize.

"Lily! Sasa, mrembo wa Garland!"

Aliyeita alikuwa Kimutai, kijana wa Eldoret, mrefu hadi taa za dukani zilimkaribia utosi. Kila Mmarekani aliyekutana naye humuuliza kwa nini hakimbii mbio ndefu, naye huwajibu kwamba alikimbia sana, ndiyo maana amefika hapa. Ndiye aliyempima Liliane viatu vya kwanza vya skii majira ya baridi yaliyopita, siku alipoletwa dukani kashikwa mkono.

"Leo uko solo? Jamaa yuko wapi?"

"Nimekuja kununua skii, Kimutai. Sikuja kuulizwa habari za watu."

"Haya, pole. Za kukodi au...?"

"Zangu."

"Zako zako?"

"Zangu zangu. Jozi moja, ya kila kitu."

Kimutai akacheka. "Wacha nikuambie ukweli, dadangu. 'Ya kila kitu' ni maneno ya customer ambaye hajui anataka nini."

"Mimi ninajua. Asubuhi mlima ukiwa barafu tupu, nataka inishike. Mchana theluji ikigeuka uji, isinikwamishe. Ikianguka mpya, niingie nayo kati ya miti. Na kwenye yale matuta isinivunje magoti."

"Hizo ni jozi tatu."

"Yupo mwenye tatu," alisema Liliane. "Nimeshamwona alivyo."

Kimutai alijua anasemwa nani, maana jozi mbili za huyo anayesemwa zilikuwa pale pale nyuma, kwenye karakana, zikisubiri kunolewa kingo na kupakwa nta. Akatoa simu mfukoni, akaandika upesi upesi kwa kidole gumba. Liliane alidhani anaangalia mali iliyopo stoo.

"Okay," Kimutai akasema, akairudisha simu. "Tuanze na kiuno."

"Kiuno cha nani?"

"Cha skii, wewe! Hapa katikati, chini ya mguu, ndipo panaitwa kiuno. Kiuno ndicho kinachosema skii inapenda wapi." Akashusha jozi ya kwanza, nyembamba, inang'aa kama kisu kipya. "Huyu kiuno chake chembamba. Kwenye barafu anauma, hakuachi. Lakini mpeleke kwenye theluji nene, anazama kama jembe." Akashusha ya pili, pana kama ubao wa kupigia pasi. "Huyu naye anaelea juu ya theluji mpya, raha mustarehe. Akikanyaga barafu anakutembeza kama mlevi wa mwisho wa mwezi."

"Na hiyo ya maua?"

"Ah, hii sasa ndiyo ya akina dada." Akamletea jozi ya zambarau iliyochorwa maua ubavuni.

Liliane akaisimamisha sakafuni, akashika ncha kwa mkono mmoja, akaukandamiza mwili wa skii kwa mwingine. Ikapinda kama mkate wa jana.

"Mbona inalegea hivi?"

"Waliotengeneza wanasema wanawake ni wepesi, wanahitaji laini."

"Waliosema hivyo wamewahi kushusha katoni za vigae kutoka kwenye lori wakati foklifti imekufa?"

"Sidhani."

"Basi rudisha maua yako."

Wakacheka wote wawili. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Liliane kucheka tangu siku ile ya ukumbini, na kicheko kikamfungulia mlango ambao alikuwa ameukomea.

Februari iliyopita, milimani New Mexico, safari ya kuendesha gari mchana kutwa kutoka Dallas. Gelasius, yule jamaa wa jozi tatu, alikuwa amezoea theluji, kila mwaka alikwenda na wenzake wa ofisini Plano. Liliane alianguka hadi matako yakawa meusi. Jioni, kiti kilichokuwa kinawapandisha kileleni kilisimama katikati ya hewa kwa sababu ya upepo, miguu yao inaning'inia juu ya misonobari, skii zikigongana. Gelasius akavua glavu yake. Akaivua na ya Liliane. Akaushika ule mkono uliokufa ganzi, akautia ndani ya koti lake, juu ya moyo, akamtazama kwa yale macho yake ya pole yenye kope ndefu za mtoto.

"Mkono huu," alimwambia, "siuachii hata waya ukikatika."

Naye Liliane, mtu asiyeamini ahadi ya mtu yeyote, aliamini.

Kisha ikaja siku ya kuja kumposa.

Ukumbi wa parokia, Garland. Mama yake Liliane, Marie-Rose, amevaa imvutano, ile nguo ya heshima ya Kirundi inayofungwa begani, ambayo hakuwahi kuivaa tangu waingie Marekani. Mjomba wake, Mzee Didace, ndiye msemaji wa ukoo, na alikuwa amefanya mazoezi ya maneno yake wiki nzima huku akikunja mashuka hotelini. Maana kwa Warundi binti hatolewi kama nyanya dukani. Wageni wakija kumwomba hukataliwa kwanza. Huambiwa hapa hakuna msichana, mmekosea nyumba, huyo mnayemtaja tulishamwoza. Wageni nao hujibu, hubembeleza, hutania, watu wanavunjika mbavu, na kadiri mnavyokataliwa vizuri ndivyo mnavyoheshimiwa. Ndipo binti hutokea, vigelegele vikapigwa. Liliane alimweleza Gelasius yote hayo kwa simu, mara mbili. Gelasius akacheka, akasema, "Usijali, nitamwambia Shangazi atafute msemaji mwenye mdomo."

Shangazi mwenyewe ni Glory, Mchaga wa Stafford, kule Houston. Ndiye aliyemlea Gelasius baada ya mama yake kufariki, ndiye aliyemtafutia shule na viza. Alikuja Garland na ndoo ya mbege aliyoipika kwa mikono yake, pombe ya ndizi ya kwao Moshi. Mzee Didace akasimama, akakohoa, akatangaza kwa sauti kubwa:

"Msichana mnayemtaka hayupo. Na angekuwepo, nyinyi tusingewapa!"

Shangazi Glory naye akasimama. Hakucheka. "Mimi?" alisema. "Mimi nikataliwe na wakimbizi?"

Akatoka, akaingia kwenye gari lake, akapiga honi. Akaipiga tena, ndefu. Naye Gelasius, mbele ya macho ya watu wote, akainama, akaibeba ile ndoo ya mbege, akamfuata.

Liliane aliyaona hayo kupitia upenyo wa pazia, amepambwa, anasubiri kuitwa. Lakini kilichomchoma hakikuwa mgongo wa Gelasius unaotoka. Kilikuwa kichwa cha mama yake. Kilikuwa kimeinama, vile vile kilivyoinama zamani sokoni Kasulu, siku muuzaji mmoja alipokataa kuwapimia maharage kwa kopo lao, akasema mkimbizi hachagui kopo. Liliane alikuwa mdogo wa kushika sketi ya mama yake. Hajalisahau lile kopo la muuzaji. Lilikuwa la rangi ya bluu, lina tundu pembeni.

"Lily? Umeenda wapi?" Kimutai alikuwa amemwekea jozi nyingine mbele. Nyeusi, haina urembo, haina maua. "Kiuno cha wastani. Chuma kidogo ndani, ndiyo haitetemeki. Mbele imeinuka kiasi ili isichimbe. Weka nyayo mbili pamoja, uone."

Liliane akazibana skii mbili, chini kwa chini. Katikati ziliachana kidogo kama pinde mbili, zikagusana, kisha kule mbele, mapema, zikaanza kuachana kabisa. Urefu wake ulimfika kwenye nyusi. Akazijaribu kwa mikono. Zilipinda, lakini kwa kubishana.

"Sitakudanganya," Kimutai alisema, na safari hii hakuwa na utani. "Kwenye barafu ile nyembamba itamshinda huyu. Kwenye theluji nene ile pana itamshinda. Huyu si bingwa popote. Lakini hakuna mahali atakutupa."

"Sihitaji bingwa," Liliane akasema polepole. "Nimeshakuwa na bingwa."

Akaziinua usawa wa macho, achungulie ule mwanya wa mbele kama umelingana pande zote. Kupitia mwanyani akaona mlango unafunguka, akaona shati jeupe, kisha yale macho yenye kope ndefu.

Moyo ukapiga teke. Hakuzishusha skii.

"Lily," alisema Gelasius.

"Duka la watu liko wazi. Kila mtu anaingia." Akamgeukia Kimutai. "Ulimwandikia, siyo?"

"Mimi? Mimi nilikuwa nacheki stock."

"Kimutai!"

"Aki, jamaa amekonda! Muone kola, shingo imebaki kama ya kuku." Akajificha nyuma ya ile jozi pana.

Kweli alikuwa amekonda. Liliane alitamani kumtazama zaidi, akajilazimisha kutazama skii.

"Nimekupigia mpaka simu imechoka," Gelasius akasema.

"Yangu haikuchoka. Ilikuwa inalitazama tu jina lako likiwaka na kuzimika."

"Nisikilize dakika moja."

"Siku ile uliipata dakika. Ukumbi mzima ulikusubiri. Ungeweza kusema neno moja tu, 'Shangazi, huu ni mchezo, kaa chini.' Hukusema. Ulibeba ndoo!"

"Alikuwa anapiga honi, Lily. Watu wanatazama. Nilitaka nimtulize kwanza, halafu nirudi."

"Ulirudi?"

Gelasius akaivuta kola yake.

"Unajua tatizo lako, Gelasius? Una jozi tatu." Akaigonga ile nyembamba kwa kidole. "Hii ni ya ofisini Plano, imenyooka, inang'aa. Hii pana ni ya Stafford, ya kuelea mbele ya Shangazi usiguse chini. Na Garland una nyingine, ile ya kucheka na sisi na kula ugali wetu kwa mikono. Kila theluji na skii yake. Mpaka siku ilipotokea barafu usiyoitarajia, ukaniambia subiri hapo nikabadilishe."

"Si haki kusema hivyo."

"Niambie basi ilikuwaje! Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na maua kichwani!"

Sauti yake ilipasuka hapo, akaikamata isianguke. Gelasius akapiga hatua moja mbele, mkono umenyooka nusu, ule ule mkono wa kwenye kiti cha mlimani. Liliane akausimamisha kwa macho. Walikaa hivyo, hatua moja kati yao, na hakuna kati yao aliyejua kuivuka.

Mlango ukafunguka tena.

"Gela! Nimekaa kwenye gari mpaka nimeiva! Ulisema unachukua skii zako mara moja." Shangazi Glory aliingia na mkoba mkononi na miwani ya jua juu ya wigi. Alipomwona Liliane akasimama. "Kumbe. Skii zenyewe ndizo hizi."

"Shangazi, tafadhali..."

"Tafadhali nini? Nimetoka Stafford kukuombea radhi kwa watu? Kule Houston kuna binti mfamasia anasubiri tu kutambulishwa, we unanileta Plano kutazama mbao!" Akaizungushia macho ile jozi nyeusi. "Na wewe binti, mtu mweusi na theluji wapi na wapi?"

"Nyinyi mmezaliwa chini ya theluji, Shangazi," Liliane akajibu. "Mmeitundika kwenye kalenda kila sebule. Mimi nimeikanyaga."

Kutoka nyuma ya skii pana kikatoka kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

"Mdomo unao," alisema Shangazi Glory. "Kama mjomba wako. Mimi sijawahi kuaibishwa vile. Nimekesha na ndizi, nimechekecha ulezi mwenyewe, nimesema nikaoneshe heshima kwa watu hata kama ni... hata kama siwajui. Mtu mzima ananisimamia, 'Nyinyi tusingewapa.' Mbege yangu imechachia kwenye buti, barabara kuu nzima ya I-45 gari linanuka!"

"Ulikuwa mchezo! Na uliambiwa!" Hapo Liliane hakuweza tena kujizuia. "Uliambiwa kwamba kwetu mgeni hukataliwa kwanza. Uliambiwa ulete msemaji. Ukaamua kuutumia mchezo wetu kututukania wazazi!"

Shangazi Glory akavua miwani kutoka kwenye wigi. "Niliambiwa nini?"

"Kwamba tutawakataa. Kwa utani. Ndiyo mila."

"Na nani?"

Wanawake wawili wakageuka kwa pamoja.

Gelasius alikuwa anazitazama ncha za viatu vyake. Siku zote zile Liliane alikuwa akimchukia mwanamke huyu kwa jambo moja ambalo mwenyewe hakuambiwa.

"Hukumwambia," alisema.

"Nilitaka nimwambie."

"Nilikueleza mara mbili."

"Shangazi anapenda mambo yaende anavyoyajua. Nilifikiri atacheka mila zenu, ataanza maswali, atasema wana nini hawa. Nikasema labda siku yenyewe wataruka hiyo sehemu, ipite tu salama..."

Hakumaliza. Mkoba wa Shangazi Glory ulimpata begani, pah! Ulikuwa mkoba wa mwanamke anayetembea na kila kitu.

"Uliniacha nikasimama kama chizi! Mbele ya watu wazima! Nimepiga honi kama dereva wa daladala, na wewe unajua ni mchezo?"

"Shangazi, samahani."

"Samahani nini! Mimi kwetu ndiye niliyekuwa namsemea kila ndugu anayeoa! Ungenipa huyo mzee, ningemjibu mpaka akae chini!" Akavuta pumzi, akaliweka wigi sawa. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo Liliane hakuwahi kuisikia kwake, "Ningemjibu vizuri sana."

Liliane aliona uso wa yule mama umelegea kidogo, na angeweza kuliacha jambo liishe hapo, watu wacheke, yaishe. Wengi wangeliacha. Lakini yeye si mtu wa kusahau kopo.

"Shangazi," alisema. "La mila hukujua, na hilo ni la huyu. Lakini lipo neno ulilisema. Hilo hukufundishwa na mtu."

"Nilikuwa na hasira."

"Hasira haitungi neno. Inalitoa tu pale lilipokuwa limekaa."

Uso wa Shangazi Glory ukafunga tena. "Unataka nikupigie magoti dukani?"

"Mimi sitaki kitu. Mimi nilishazoea. Lakini ulilisema mbele ya mama yangu, siku aliyovaa nguo yake ya heshima. Basi litarudishwa mbele ya mama yangu. Siyo kwa simu, na huyu asitumwe."

"Gela," Shangazi akasema bila kumwondolea Liliane macho, "twende."

Akatoka. Wakamsikia anafunga mlango wa gari. Na baada ya muda mfupi, kama vile dunia ilikuwa imerudi nyuma makusudi iwaone, honi ikalia.

Liliane akazilaza skii kwenye kaunta. Hakumtazama Gelasius. Hakutaka kuuona ule mgongo mara ya pili. Alitaka uende akiwa anatazama pengine. Akamwambia Kimutai, "Nifungie na vile vifungio vya viatu, tafadhali," na sauti yake ikatoka kavu kama karatasi.

Honi ikalia tena, ndefu.

Nyuma yake kitu kikalia kwa mlio wa ngozi. Akageuka. Gelasius alikuwa ameketi kwenye benchi la kujaribia viatu, mikono juu ya magoti, kama mgeni aliyeingia nyumba asiyojua kama atakaribishwa.

"Unaitwa," Liliane akamwambia.

"Nasikia."

"Huendi?"

"Siku ile nilikwenda." Rangi ilikuwa imemtoka. "Mimi ni mwoga, Lily. Sitakudanganya kwamba nimeacha leo. Lakini nimekaa."

Mbele ya dirisha la duka honi ilikuwa inalia, na kila ilipolia bega lake liliruka kidogo, lakini matako hayakunyanyuka. Liliane akamtazama. Akakiangalia kile kidevu, zile kope. Kitu kifuani mwake kilichokuwa kimekazwa kwa spana kikalegea uzi mmoja, mmoja tu.

"Umekuja kufanya nini hapa?" akamuuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya Mzee Didace, nzito, yenye maringo.

Gelasius akainua macho. Akaelewa. "Nimekuja kuomba msichana."

"Hapa hakuna msichana. Hapa kuna duka la skii. Umekosea nyumba."

Gelasius akamtazama Kimutai.

"Jibu, buda!" Kimutai akamnong'oneza. "Usiniangushe!"

"Si... sijakosea. Nimefuata alama za skii. Zimeishia mlangoni hapa."

"Alama za skii ni za kila mtu."

"Hizi nazijua. Kila baada ya mita chache zinaanguka, na daima upande wa kushoto."

Liliane akang'ata mdomo wa chini. Kweli, kushoto ndiko alikoangukia daima.

"Huyo tulishamwoza," akasema. "Yuko Alaska na mume wake."

"Basi nitakaa kwenye benchi hili mpaka atakapokuja kuwasalimia wazazi."

"Atachelewa sana."

"Na mimi nina duka la kufunga," Kimutai akadakia.

"Nitasubiri kwenye maegesho," akasema Gelasius. "Iwe barafu, iwe uji, iwe matuta. Sina nguo ya kubadilisha. Nina hii hii niliyokuja nayo."

Honi ilikuwa imenyamaza. Liliane hakujua imenyamaza tangu lini.

"Maneno hayo," alisema, akirudi kwenye sauti yake, "utayasema Garland, ukumbi ule ule, watu wale wale. Mjomba atakukataa mpaka jasho likutoke."

"Na nikishindwa kujibu?"

"Utakuwa umekataliwa kweli."

Akalipa skii zake kwa kadi yake. Gelasius alinyanyua mkono kwenda mfukoni, akatazamwa, akaushusha. Kimutai alipomaliza kufunga vifungio, Liliane alizipachika nyeusi zake begani, ncha mbele, mkia nyuma.

"Nikusaidie?"

"Beba viatu," alisema. Viatu vya skii ni vizito kama dhambi, na havishikiki.

Nje jua lilikuwa linapiga. Gari kubwa la Shangazi Glory lilisimama kando ya Corolla, dirisha limefunguliwa nusu, naye amekaa nyuma ya usukani, mikono kwenye honi asiyoipiga, akimtazama mtoto aliyemlea anavyotoka nyuma ya binti huyu, ameyakumbatia mabuti kama vichanga viwili.

Liliane hakuzunguka upande wa pili. Alipita pale pale dirishani. Akasimama, skii begani, kidevu juu.

"Shikamoo, Shangazi."

Mwanamke yule akamtazama muda mrefu. Shikamoo ni shikamoo. Hata adui akikupa, huwezi kuiacha ianguke chini.

"Marahaba," alisema mwishowe.

Liliane akafungua mlango wa nyuma wa Corolla, akazipitisha skii katikati ya viti hadi ncha zikagusa kioo cha mbele. Alipokuwa anafunga mlango akasikia nyuma yake:

"Wewe binti. Huyo mjomba wako. Anakunywa mbege?"

Liliane hakugeuka upesi. Aliutaka uso wake utulie kwanza.

"Anakunywa, Shangazi," alijibu. "Ila kwanza atakataa."